Cheche Tatu na Mkuki Mmoja

Mguu wangu wa kulia ulikata vidole viwili vya shemeji yangu Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Mashine haikuwa na kosa. Mimi nilisema inalo.

Hayo ndiyo ya wiki hii. Wewe uliyenicheka wiki jana kwa kufukuzwa ghala la mbao, ulikuwa hujaona kitu.

Kwa aliyekosa gazeti: ghala lilinitimua, nyumba niliyopanga ikauzwa nikiwa ndani, na mimi na mke wangu tukaenda kujibanza kwa mdogo wake wa kiume, kapera mwenye vyumba vitatu na moyo mpana. Shemeji akaniombea kazi kiwandani kwao, kwenye presi ya kukata bawaba za milango. Shemeji huyo huyo akanikalisha mbele ya kompyuta yake ya pili, akanionyesha mchezo wa vita unaochezwa mtandaoni na maelfu ya watu, kila mtu kwao, kila mtu na silaha yake. Yeye alikuwa mbeba ngao. Mimi alinichagulia mchawi wa moto.

"Mchawi anasimama nyuma, shem," aliniambia. "Hakuna anayekugusa. Kazi yako kuunguza tu."

Paa lilikuwa lake, kazi ilitoka kwake, mchezo ulikuwa wake. Likumbuke hilo, maana ndilo lililonifunga mdomo baadaye.

Kundi letu lilikuwa la watu kumi. Aliyetuongoza ni mwanamke ambaye sijawahi kumwona uso. Sauti yake tu naijua, kwenye hedifoni. Tulimwita Kamanda. Mimi kwa umri wangu waliniita Babu Moto.

Sasa, kulikuwa na Jitu la Mwamba. Ukipigana nalo una dakika sita. Zikiisha kabla halijafa, linanguruma mara moja na nyote kumi mnalala chini. Tulilala chini mara tisa. Mara ya tisa lilibakiwa na uhai wa tatu kwa mia.

"Nani alikuwa amesinzia?" Kamanda aliuliza.



"Basi nitajijibu mwenyewe. Nimeangalia hesabu. Babu Moto, unatoa dameji elfu nne na mia moja kwa sekunde. Mchawi wa levo yako anatakiwa atoe elfu tano. Huko uliko unapiga au unapunga mkono?"

Walicheka wote, hata shemeji aliyekaa pembeni yangu. Dameji ndiyo maumivu unayomtia adui.

"Napiga bila kupumzika," nikasema.

"Unapumzika sana, Babu. Jumapili ijayo ukibaki hapo hapo, naleta mchawi mwingine. Usinichukie."

Nina miaka hamsini na miwili. Nimefukuzwa kazi nne na nyumba mbili. Sikuwa tayari kufukuzwa hata kwenye mchezo.

Shule niliacha darasa la sita, lakini kuhesabu najua. Nilichana boksi la viatu, nikachukua penseli, nikaanza.

Mchawi wa moto ana mapigo manne. Kuna Kaa, unalibandika kwa adui nalo linamuunguza taratibu kwa sekunde kumi na sita. Kuna Cheche, pigo jepesi la sekunde moja na nusu. Kuna Mkuki, pigo zito la sekunde mbili na nusu. Halafu kuna Ngurumo.

"Ngurumo unaitumia ya nini?" shemeji aliniuliza akichungulia boksi langu.

"Inapiga sana."

"Inapiga kelele sana. Tazama namba, shem. Hiyo ni nusu ya Mkuki, na inakula muda ule ule. Wewe unapenda kelele."

Nilitazama namba. Kweli, nilikuwa napenda kelele. Ngurumo nikaifuta.

Tuligundua kwamba Mkuki ukitanguliwa na Cheche tatu, na Kaa likiwa bado linawaka, unapiga mara mbili. Kwa hiyo: Kaa. Cheche, Cheche, Cheche, Mkuki. Cheche, Cheche, Cheche, Mkuki. Kaa upya kabla halijazimika. Basi, mpaka mtu afe.

Hapo nilifika elfu nne na mia sita. Bado.

Kilichobaki kilikuwa kwenye mapengo. Nilikuwa nasubiri pigo limalizike ndipo nibonyeze lingine, na kila nikisubiri napoteza kama theluthi ya sekunde. Nani anajali theluthi ya sekunde? Nikazidisha. Kwa dakika sita ilikuwa karibu dakika nzima mchawi wangu amesimama kama mwizi aliyesahau alichokuja kuiba.

"Usisubiri," shemeji alisema. "Bonyeza la pili kabla la kwanza halijaisha. Mchezo unalipokea na kulishika. La kwanza likitoka, la pili liko mlangoni."

"Nitajuaje kwamba limekaribia kuisha?"

"Huangalii. Unazoea."

Tatizo likawa vidole vyangu. Vimeshika mbao na chuma miaka thelathini, vinene kama mihogo. Kuchagua pigo na kulifyatua kwa mkono mmoja vilikuwa vinakanyagana.

Fundi umeme wa kiwandani ndiye aliyetoa dawa. Mtu mpole, kalamu sikioni, testa mfukoni, hajui kusema hapana. Nilimpelekea pedali ya cherehani ya mke wangu, ile ya zamani, akaiunga na kibodi kwa waya mwekundu. Vidole vikachagua, mguu ukafyatua.

"Nikuambie kitu, mzee," alisema akiwa amepiga magoti chini ya meza. "Kule kiwandani pia unakanyaga pedali. Mguu ukishafundishwa hauulizi uko wapi."

"Nina akili zangu," nikamjibu.

"Akili zipo. Mimi nasema mguu."

Nikamcheka. Akacheka naye, akanywa chai, akaenda zake.

Nilifanya mazoezi kila jioni kwenye sanamu ambalo mchezo umeliweka kwa kazi hiyo, halipigi wala halifi. Mke wangu akipita anatikisa kichwa. "Mume wangu kawa mchawi uzeeni, na bado hawezi kuroga kazi ya maana." Kitandani alilalamika namkanyaga. Mguu ulikuwa unafanya kazi nikiwa nimelala: pa, pa, pa, paa.

Jumapili ile tuliliua Jitu la Mwamba, muda ukiwa umebaki sekunde kumi na moja. Hedifoni ilijaa kelele mpaka nikaivua.

"Elfu tano mia tatu na arobaini!" Kamanda alipiga yowe. "Babu Moto, wewe ni mtu au ni jiko?"

Shemeji alinikumbatia, tukaanguka pamoja na kiti. Nakuambia kweli, sikumbuki lini mara ya mwisho watu tisa walifurahi kwa sababu yangu.

Sasa twende kiwandani, maana wakati huo tayari nilikuwa nimeshaharibu.

Presi yetu ni ya zamani, ilizaliwa kabla watu hawajafikiria kuweka kinga. Inataka watu wawili. Mmoja anaweka bati chini ya kisu na kuondoa mkono, kisha anasema "Haya". Wa pili anakanyaga. Kisu kinashuka. Mweka bati alikuwa shemeji, mkanyagaji mimi. Kila seti ya mlango ni bawaba tatu fupi na kipande kimoja kirefu cha komeo.

Tatu fupi, moja ndefu.

Unaona?

Na kuna jambo lingine. Tangu ukanyage mpaka kisu kishuke, presi inavuta pumzi kwanza. Theluthi ya sekunde, labda nusu. Siku zote nilisubiri "Haya" ndipo nikanyage. Alhamisi, siku tatu kabla ya Jitu kufa, niliacha kusubiri. "Haya" ilikuwa inakuja kila mara, kwa hiyo nikawa natangulia kidogo, presi inavuta pumzi wakati shemeji anatoa mkono, na neno lake na kisu vinafika pamoja.

Hakuna aliyenituma. Nilikuwa naziba pengo tu.

Jumatatu msimamizi alikuja na daftari lake. "Nyie wawili mmekunywa nini? Seti sabini zaidi kwa siku!" Akanipiga bega. Nikavimba kichwa.

"Shem, unanikimbiza," shemeji alisema alipoondoka.

"Si umezoea kukimbizwa na majitu?"

"Jitu sijawahi kulitia mkono mdomoni," akajibu, huku anacheka.

Jumanne bati la tatu la seti lilikuwa limepinda ukingo. Likakwama. Shemeji alishatoa mkono, akaurudisha kulinyoosha. "Haya" hakusema.

Presi ilishuka kama inavyoshuka kila siku. Hata mlio wake ulikuwa ule ule.

Alinitazama. Hakupiga kelele. Alisema neno moja tu, kama mtu anayeuliza saa: "Shem?"

Ndipo mimi nikapiga kelele.

"Imeshuka yenyewe! Mashine imeshuka yenyewe!"

Sikupanga kusema hivyo. Maneno yalitoka kama mguu ulivyotoka, kabla hayajaitwa.

Watu walikimbia na vitambaa. Walimbeba. Msimamizi alizima umeme, akasimama mbele ya presi mikono kiunoni.

"Pedali hii ilifunguliwa Ijumaa. Nani aliifungua?"

Watu wote waligeuka wakamtazama fundi umeme.

"Nilibadilisha springi," alisema. "Iko sawa. Niliijaribu mbele yako, bosi."

"Iko sawa na mtu amekatika?"

Fundi umeme alinigeukia. "Mzee, imeshuka bila wewe kukanyaga?"

Nilisema, "Bila kukanyaga."

Saa sita mchana fundi umeme alirudishwa nyumbani asubiri mkaguzi wa usalama, anayekuja Ijumaa. Nilimwona akipita getini na mfuko wake wa vifaa. Kalamu bado ilikuwa sikioni.

Hospitali mke wangu alinikumbatia kwa nguvu mpaka nikaona aibu ya kupumua. "Mashine hiyo ingekukata wewe," alisema. "Mungu amenihurumia, ningekuwa na wagonjwa wawili." Nilikaa kwenye benchi. Mguu ukaanza. Pa, pa, pa, paa, kwenye sakafu ya hospitali. Nikauweka wa kushoto juu yake, nikaukandamiza hadi ukafa ganzi.

Jumatano alasiri shemeji alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa mkubwa kama mkate.

"Dada, niletee maji ya moto," alisema.

Mke wangu akatoka. Shemeji akasubiri mlango utulie.

"Ulikuwa unahesabu," akaniambia.

"Nani?"

"Wewe. Midomo yako ilikuwa inakwenda. Cheche, cheche, cheche. Wiki nzima nakuona, nacheka peke yangu. Nasema shem kakolea."

Nilitafuta pa kutazama. Hakuna.

"Mguu ulitangulia, shem. Mimi neno sikulisema."

"Nisamehe, shemeji."

"Usilie, wataingia. Nisikilize. Dada asijue. Akijua hatakuwa na wewe tena hata siku moja, namfahamu, tumelala mkeka mmoja utotoni. Na mimi sitaki aanze maisha upya kwa umri huu. Mashine haina mke. Iache ibebe."

"Na wewe?"

"Mimi?" Alitazama ule mkate wa bendeji. "Mimi nitajifunza kushika ngao kwa kushoto."

Akajaribu kucheka. Hakuweza.

Hakuna aliyekuwa amemwambia kuhusu fundi umeme. Yeye alidhani lawama zimebebwa na chuma. Nilifungua mdomo nimwambie, na mke wangu akaingia na maji. Nikaufunga.

Jumanne nilidanganya bila kufikiri. Jumatano nilikuwa na muda wote wa kufikiri.

Kisha mke wangu akamwandikia maelezo ya kumpa mkaguzi, kwamba mashine ilishuka yenyewe, na shemeji akatia sahihi kwa mkono wa kushoto. Sahihi ilikuwa kama ya mtoto wa chekechea. Mke wangu aliitazama karatasi, machozi yakamtoka, akaikunja akaiweka kwenye mkoba.

Alhamisi jioni mlango uligongwa. Mke wangu akaufungua, na nikasikia sauti yake ikipanda.

"Una uso wa kuja hapa?"

"Mama, naomba niseme na mzee dakika mbili."

"Uje kukata na vyake?"

Fundi umeme aliinamisha kichwa. Hakujitetea. Mke wangu alimpisha kwa bega, akaenda jikoni, akaanza kusugua sufuria kama zimemkosea.

Tuliketi mezani, yeye na mimi. Nilimwona amekonda kwa siku mbili.

"Mzee, usiku silali. Naifungua ile pedali kichwani, naifunga. Springi mpya. Boliti nne. Haiwezi kushuka yenyewe."

"Mashine ni mashine."

"Majirani zangu wananiita mkata vidole. Mke wangu kaacha kwenda sokoni." Alinisogelea. "Sijaja kugombana. Nimekuja kukuomba. Kama kuna kitu umesahau, ukikumbuke. Labda mguu uliteleza? Kuteleza si dhambi. Mtu akiteleza hafungwi."

Alinifungulia mlango mzima. Ningesema tu, "Niliteleza," tungekwisha hapo.

Lakini sufuria zilinyamaza jikoni. Mke wangu alikuwa anasikiliza.

"Haukuteleza," nikasema. "Ilishuka yenyewe."

Fundi umeme alikuwa anatazama chini ya meza. Nikatazama na mimi.

Mguu wangu ulikuwa unakwenda. Mara tatu upesi, mara moja nzito. Mara tatu upesi, mara moja nzito. Sikuwa nimeuambia. Nililishika goti kwa mikono miwili, kama mtu anayemzuia mbuzi, na kisigino kikaendelea kugonga.

Aliutazama kwa muda mrefu. Huyu ndiye aliyeunga ule waya mwekundu kwa mikono yake.

"Kesho mkaguzi anakuja," alisema akisimama. "Nitamwomba kitu kimoja."

"Kitu gani?"

"Kesho, mzee."

Usiku ule niliufunga mguu kwenye tendegu la kitanda kwa mtandio wa mke wangu. Aliponiuliza nikasema ni baridi yabisi.

Mkaguzi alikuwa mwanamume mkavu, miwani minene, ubao wa kuandikia kifuani. Mke wangu alikuja kwa niaba ya mdogo wake, ameshika mkoba wenye yale maelezo. Alisimama karibu na mlango wa karakana.

Kwanza waliwasha presi ikae tupu. Saa nzima. Mkaguzi aliigonga kwa nyundo, akaitikisa, akaruka kando yake kama mtoto. Haikushuka. Nilikuwa naiomba ishuke. Nilikuwa naiomba kimoyomoyo kama mtu anayemwomba mkubwa wake.

"Inaweza ikawa ni ile siku tu," nikasema.

Fundi umeme akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, naomba yeye akae kwenye pedali, na mimi niweke bati. Sitaweka kwa mkono. Nitasukuma kwa vijiti."

Alikuwa amekata mipini ya fagio, vijiti ishirini, unene wa kidole, urefu wa mkono. Alivipanga kwenye benchi.

"Sheria ni moja," mkaguzi aliniambia. "Usikanyage mpaka useme amesema 'Haya'." Akajirekebisha, amechoka. "Mpaka yeye aseme. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Seti ya kwanza nilikanyaga vizuri. Paja lilikuwa linauma kwa kulizuia. Ya pili pia. Jasho lilinidondoka kwenye magoti. Ya tatu, ya nne. Nikaona msimamizi anaanza kupumua.

Fundi umeme hakuwa na haraka. Alinirudisha kwenye mdundo polepole. Haya. Haya. Haya. Bati refu, haya. Haya, haya, haya. Nilihisi midomo yangu inaanza kutembea. Nikaiuma.

Seti ya tano, bati la tatu, aliweka kijiti chini ya kisu akanyamaza.

Kisu kilishuka. Kipande cha kijiti kiliruka kikampiga msimamizi kifuani.

"Bahati mbaya," msimamizi alisema. "Ana wasiwasi. Tuendelee."

Tukaendelea. Sasa nilijua mchezo wake. Nilijua kabisa atanyamaza. Nikauambia mguu, subiri, subiri, mbwa wewe, subiri. Alinyamaza. Kisu kilishuka.

Tena. Kisu kilishuka.

Safari moja niliunyanyua mguu juu kabisa usiguse pedali, nikaukunja hewani. Mkaguzi akaniambia niuweke mahali pake. Nikauweka. Fundi umeme alianza, haya, haya, haya, akanyamaza. Nilifumba macho. Nikasikia mbao ikikatika.

Nimeogopa mambo mengi, msomaji. Nimeogopa njaa, nimeogopa polisi, nimeogopa mwenye nyumba. Sijawahi kuogopa kitu kilichoshonwa kwenye mwili wangu.

Vijiti vilipokwisha, mkaguzi alivihesabu sakafuni kwa ncha ya kiatu. Katika ishirini, vilivyokatwa vilikuwa kumi na tatu.

"Unajua kwamba unatangulia?" aliniuliza.

Niligeuka. Mke wangu alikuwa amesogea hadi nyuma ya presi. Alikuwa anatazama vile vipande vya mti, vidogo vidogo, vimetawanyika.

"Najua," nikasema.

"Tangu lini?"

"Alhamisi ya wiki iliyopita. Nilianza kwa makusudi, ili kazi iende upesi. Halafu ikawa haizuiliki."

"Na Jumanne ulijua ni mguu wako?"

"Nilijua."

"Mbona ulisema mashine?"

Nilitaka kusema mengi. Paa, kazi, shemeji, uzee. "Niliogopa," nikasema.

Fundi umeme aliokota testa yake kwenye benchi, akaiweka mfukoni. Hakunitazama. Nilidhani atanitukana. Angenitukana ningeshukuru.

Mke wangu ndiye aliyezungumza.

"Na yeye alijua?"

Alikuwa ameshatoa karatasi kwenye mkoba, ile yenye sahihi ya chekechea.

"Nimekuuliza. Mdogo wangu, wakati naandika haya maneno kwa mkono wangu, alijua ni wewe?"

Sikujibu. Mtu mzima hahitaji kujibiwa kwa maneno kila mara.

"Mmenikalisha katikati yenu," alisema polepole, "nikamtukana mtu mlangoni kwangu."

Alimwendea fundi umeme, akapiga magoti mbele ya watu wote, akamwomba radhi. Fundi umeme alimwinua haraka kwa mikono yote miwili, naye anasema, "Hapana, mama, hapana." Mke wangu akampa mkaguzi ile karatasi. "Hii ni ya uongo," alisema. "Mimi niliiandika bila kujua. Aliyetia sahihi alijua." Akatoka. Sikuthubutu kumfuata mbele ya watu.

Ndivyo ilivyokuwa Ijumaa. Niliyolipa nayahesabu sasa, jinsi yalivyo, na siongezi chumvi.

Vidole viwili vya shemeji vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati. Siku tatu ambazo fundi umeme aliitwa mkata vidole, na mke wake akaogopa sokoni. Kazi yangu, kuanzia saa saba mchana. Kazi ya shemeji pia, kwa sababu ya ile sahihi. Msimamizi alisema akitoka hospitali asirudi. Shemeji mwenyewe: nilipokwenda kumweleza, muuguzi alinizuia mlangoni, akaniambia mgonjwa hataki kuniona. Chumba tulichokuwa tunalala: begi langu nililikuta limewekwa nje, nguo zimekunjwa vizuri, moja moja.

Vyote hivyo kwa ajili ya dameji elfu moja mia mbili na arobaini zaidi kwa sekunde.

Na mke wangu. Nguo zake hazimo kabatini. Hospitali hajafika tangu Alhamisi. Dada zake hawajamwona. Leo ni siku ya tano, na simu yake inaita mpaka inakatika.